Sura ya 6: Chuma, Karatasi na Deni

"Ninunue gari gani?" Mgeni kutoka Uvira, Bujumbura au Mombasa huanza kuuliza hivyo mara anapochoka kuomba lifti. Louisville, kazi ya kupanga vifurushi katika Worldport, kituo kikuu cha ndege za UPS, hupamba moto usiku wa manane, saa ambazo mabasi ya TARC ni machache. Columbus, maghala mengi yako pembezoni, upande wa uwanja wa ndege wa Rickenbacker. Buffalo kuna mabasi na hata treni, lakini kusubiri kituoni Januari, upepo ukivuma kutoka Ziwa Erie, ni adhabu.

Waliotangulia wana jibu moja: Toyota au Honda, basi. Si jibu baya. Toyota Camry zinaundwa Georgetown, Kentucky, tangu 1988, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Louisville. Honda Accord zilianza kuundwa Marysville, Ohio, jirani na Columbus, mwaka 1982. Vipuri vyake vinapatikana kirahisi, na fundi wa mtaani anazijua nje ndani.

Tatizo ni kwamba jibu hilo linahusu chuma peke yake. Anayenunua gari lililotumika Marekani hupewa vitu vitatu kwa mpigo: chuma, yaani gari lenyewe, karatasi, yaani hati inayosema gari ni la nani na limepitia nini, na mara nyingi deni. Camry nzuri yenye karatasi mbovu haiandikishwi. Camry nzuri yenye karatasi safi na riba ya asilimia 22 inaweza kumla mtu mshahara kwa miaka 6. Sura hii inavipitia vitu vyote vitatu, ikianza na kinachoulizwa mapema kuliko vyote: bei.

Bei ya kwenye kioo na bei yenyewe

Yadi nyingi huandika bei kwa tarakimu kubwa kwenye kioo cha mbele. Chukua gari la dola 6,000. Kentucky hutoza kodi ya asilimia 6 gari linapobadili mwenyewe, kwa hiyo mtu wa Louisville anaongeza dola 360. Columbus iko kaunti ya Franklin, ambako kodi ya mauzo ilifika asilimia 8 Aprili 2025, baada ya wapiga kura kukubali kuyachangia zaidi mabasi ya COTA. Hapo ni dola 480. Buffalo, kaunti ya Erie, ni asilimia 8.75, sawa na dola 525. Kununua kwa mtu binafsi hakuiondoi kodi hii. Inalipwa dirishani siku ya kubadilisha jina.

Ndiyo maana wauzaji wengine humnong'oneza mnunuzi: "Tuandike dola 500, kodi iwe ndogo." Huo ni udanganyifu wa kodi, na kwa mtu ambaye bado hajapata uraia, kesi ya udanganyifu inaweza kumfuata hadi kwenye makaratasi ya uhamiaji. Tena gari likija kuwa na kasoro, ushahidi alionao utasema alilipa dola 500.

Louisville kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Kentucky hutoza kodi ya mali juu ya gari kila mwaka, pamoja na ada ya usajili, na vyote hulipwa ifikapo mwisho wa mwezi aliozaliwa mwenye gari. Wakimbizi wengi waliandikiwa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa kwa sababu tarehe kamili haikujulikana. Kwao bili hiyo huangukia Januari, wakati mifuko imekauka baada ya Krismasi. Ohio nako usajili huisha siku ya kuzaliwa ya mwenye gari, kwa hiyo Columbus kuna watu wanaopanga foleni mwisho wa Desemba kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu kuna bima. Majimbo yote matatu yanalazimisha bima ya kuwalipa wengine, ile ambayo nyumbani huitwa bima ya mtu wa tatu. Kiwango cha chini ni dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, dola 50,000 kwa wote walioumia katika ajali moja, na kwa mali iliyoharibiwa dola 25,000 Kentucky na Ohio, au 10,000 New York. Bima hiyo haimlipi mwenye gari kwa gari lake. Anayetaka gari lake nalo lilindwe hununua bima kubwa, na anayekopa hulazimishwa na mkopeshaji kuwa nayo hadi deni liishe.

Bei ya bima hubadilika kwa umri wa dereva, mtaa anaoishi, miaka aliyokuwa na leseni ya Marekani, na aina ya gari. Hili la mwisho liliwauma wengi kuanzia 2021. Kia nyingi za 2011 hadi 2021 na Hyundai nyingi za 2015 hadi 2021, zile za kuwashwa kwa kuzungusha ufunguo, hazikuwekewa kifaa cha kuzuia injini kuwaka bila ufunguo wake halisi. Vijana walifundishana kwenye TikTok namna ya kuziiba, na miji yetu mitatu haikupona. Oktoba 2022 vijana 4 walikufa Buffalo katika ajali ya Kia iliyoibwa. Baadaye kampuni zilitoa marekebisho ya programu bila malipo, lakini kuna kampuni za bima zilizokuwa zimeshaanza kuyakataa magari hayo katika baadhi ya maeneo. Gari la bei poa likawa la bima ghali.

Kwa ufupi: kabla ya kutoa hata dola moja ya kianzio, mnunuzi apige simu kwa kampuni mbili au tatu za bima, ataje gari lenyewe, na aulize atalipa kiasi gani kwa mwezi. Na mwenye dola 6,000 mkononi atafute gari la dola 4,500. Zinazobaki zina kazi: kodi, namba, mwezi wa kwanza wa bima, na matairi au breki ambazo karibu kila gari la umri huo litazidai.

Chuma: anza chini, si juu

Gari likioshwa na kupigwa polishi, macho huishia kwenye rangi. Kwa miji hii mitatu, mahali pa kuanzia ni uvunguni.

Buffalo hupata zaidi ya mita 2 za theluji kwa mwaka wa kawaida, na ili barabara zisiwe vioo, humwagwa chumvi. Theluji ikiyeyuka, maji ya chumvi hurushwa na matairi hadi kwenye maungio ya bodi na kukaa humo. Columbus na Louisville nako chumvi humwagwa, ila baridi yao ni fupi zaidi. Kutu ya kwenye mlango ni aibu tu. Kutu ya kuogopa ni ile ya chini: kwenye chesi, kwenye vyuma vinavyobeba injini na magurudumu, na kwenye mabomba membamba ya chuma yanayopeleka mafuta ya breki nyuma. Bomba hilo likitoboka, pedali ya breki huzama hadi sakafuni.

Mnunuzi apige goti, amulike kwa tochi ya simu, na apitishe vidole chini ya milango, kwenye ule ukingo unaounganisha gurudumu la mbele na la nyuma. Chuma kizima hulia kikigongwa. Kilicholiwa hubonyea au kumeguka kama ganda la mkate. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari lenye miaka 12 si urembo. Mara nyingi inaficha kitu. Na sumaku ndogo ya kwenye friji isiponata mahali fulani pa bodi ya chuma, hapo pameshindiliwa puti.

Maji nayo huacha alama. Baada ya vimbunga kama Harvey kule Texas mwaka 2017 na Ian kule Florida mwaka 2022, magari yaliyozama yalikaushwa, yakapigwa manukato na kusafirishwa kwenda kuuzwa majimbo ya mbali. Ishara zake ni tope kavu chini ya tairi la akiba, bolti za viti zenye kutu ndani ya gari, ukungu ndani ya taa za mbele, na harufu ya uvundo ambayo manukato hayaiondoi. Umeme wa gari kama hilo unaweza kukaa sawa miezi kadhaa kabla ya kuanza vituko.

Nusu saa ya ukaguzi inaweza kwenda hivi:

1. Muuzaji aombwe mapema asiliwashe gari. Mnunuzi akifika aguse boneti. Ikiwa ya moto, huenda kuna tatizo la kuwaka asubuhi linalofichwa.
2. Ufunguo uzungushwe bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi ziwake, pamoja na ile ya injini, kisha zizimike injini ikishawaka. Taa ya injini isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa au kuzibwa.
3. Aangalie moshi wa ekzosi. Wa buluu: injini inakula oili. Mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto: maji ya rejeta yanaingia ndani. Mweusi: mafuta yanazidi.
4. Akiwa amekanyaga breki, atoe gia kutoka P kwenda D, kisha R. Gari likichelewa kushika au likishtuka kwa kishindo, gia boksi inaumwa, na kuibadilisha kunaweza kuzidi thamani ya gari.
5. Aliendeshe barabara ya mtaa na barabara kuu pia. Usukani ukitetemeka kwa kasi, au gari likivuta upande breki zikishikwa, aulize kwa nini.
6. Asome tarakimu 4 za mwisho kwenye ubavu wa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka 7 linaweza kuonekana jipya na bado likawa limekauka.
7. Alinganishe maili na uchakavu. Maili 100,000 ni kama kilomita 161,000. Gari linalosoma maili 60,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika na kiti cha dereva kimepasuka lina hadithi nyingine.

Baada ya hapo ndipo fundi anapoingia, na awe fundi wa mnunuzi, si rafiki wa muuzaji. Ukaguzi wa namna hii kwa kawaida hugharimu kati ya dola 100 na 200. Fundi hulipandisha gari, na huchomeka mashine ya kusoma kompyuta yake. Mashine hiyo inafichua hila moja iliyoenea: muuzaji huchomoa waya wa betri ili taa ya injini izimike kwa siku chache. Kompyuta ikifutwa hivyo huonyesha kwamba vipimo vyake vya ndani havijakamilika, na fundi anajua kilichotendeka. Muuzaji akikataa gari lisipelekwe kwa fundi, safari imeishia hapo.

Aina ya gari nayo ina maana, hasa gia boksi. Ford Focus za 2012 hadi 2016 zenye gia za kujibadilisha zilipelekwa mahakamani na wateja wengi kwa sababu ya kusitasita na kutetemeka. Nissan kadhaa za miaka hiyo, Altima na Sentra zikiwemo, zilishtakiwa kwa gia boksi yake inayotumia mkanda badala ya gia za kawaida. Bei yake kwenye yadi huwa ya kuvutia, na hiyo ndiyo sababu moja.

Karatasi: taito na tarakimu 17

Mtanzania anajua kadi ya gari, Mkenya anajua logbook. Marekani hati ya umiliki ni taito, hutolewa na jimbo, na bila hiyo hakuna mauzo. Risiti ya mkono au picha ya taito kwenye simu havimfanyi mtu kuwa mwenye gari.

Kila gari lililoundwa kuanzia mwaka 1981 lina namba ya utambulisho, VIN, yenye herufi na tarakimu 17. Iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kwenye fremu ya mlango wa dereva, na kwenye taito. Zote tatu zifanane, herufi kwa herufi. Kwa kuwa herufi I, O na Q hazitumiki kwenye namba hiyo, ikionekana mojawapo, ama imesomwa vibaya au imeghushiwa.

Namba hiyo hiyo hufungua historia ya gari. Carfax na AutoCheck huuza ripoti za ajali, wamiliki na maili, na yadi nyingi huitoa bure mteja akiomba. Shirika la NICB lina huduma ya bure mtandaoni ya kuangalia kama gari liliripotiwa kuibwa au kufutwa na bima. Wakala wa serikali wa usalama barabarani, NHTSA, huonyesha bure kama gari limeitwa kurudi kiwandani kwa marekebisho. Hilo si dogo: mifuko ya hewa ya Takata, iliyokuwa ikilipuka na kurusha vipande vya chuma, ilisababisha mwito mkubwa kuliko yote katika historia ya Marekani, takriban mifuko milioni 67. Matengenezo hayo hufanywa bure na wakala rasmi wa kampuni ya gari, hata kwa mnunuzi wa nne.

Kwenye taito yenyewe, yasomwe mambo manne:

- Jina la muuzaji. Lifanane na kitambulisho chake. Akisema gari ni la shemeji yake aliye safarini, shemeji arudi kwanza. Wachuuzi wengine hununua na kuuza bila kuandikisha jina lao, na anayenunua mwisho ndiye hukwama dirishani.
- Deni la awali. Jina la benki likiwa limeandikwa kama mdai, itakiwe barua ya benki kwamba deni limelipwa. Vinginevyo benki inaweza kulichukua gari kutoka kwa mmiliki mpya.
- Alama ya ajali. Neno "Salvage" lina maana kwamba gari lilihesabiwa kuwa limekwisha. "Rebuilt" ni kwamba lilifufuliwa. Gari la pili linaweza kutembea vizuri, lakini thamani yake hushuka sana na si kila bima itakubali kulilinda kikamilifu.
- Maili. Tangu 2021, sheria ya taifa inataka maili yaandikwe kwenye mauzo ya magari ya 2011 na kuendelea hadi yafikishe miaka 20. Ya 2010 na nyuma yamesamehewa, kwa hiyo maili ya gari la 2008 ni maneno ya muuzaji tu.

Jinsi ya kubadilisha jina hutofautiana kwa kila mji. Louisville, saini za muuzaji na mnunuzi zinahitaji shahidi rasmi, na kazi hufanyika ofisi ya karani wa kaunti ya Jefferson. Njia salama ni wote wawili kukutana pale pale, pesa zitoke mkononi mbele ya dirisha. Columbus, muuzaji lazima asaini taito mbele ya notari, yaani mtu aliyeidhinishwa kushuhudia saini, na mnunuzi ana siku 30 kuipeleka ofisi ya taito ya karani wa mahakama wa kaunti ya Franklin. Taito iliyosainiwa tayari huku nafasi ya mnunuzi ikiwa tupu ni kinyume cha sheria Ohio, hata kama muuzaji anaiita njia ya mkato.

Buffalo, mnunuzi huanza na bima, kisha ofisi za magari za kaunti ya Erie. Jina kwenye kadi ya bima linatakiwa lilingane na jina la anayesajili gari. Watu wenye majina matatu, ambao kitambulisho kimoja kimetanguliza jina la baba na kingine la ubatizo, wamerudishwa nyumbani mara nyingi kwa hilo. New York pia hulazimisha ukaguzi wa gari kila mwaka, jambo ambalo Louisville na Columbus hazina. Gari la bei ya kutupa lenye stika ya ukaguzi inayoisha mwezi ujao huenda linauzwa kwa sababu muuzaji anajua halitapita.

Yadi au mtu binafsi?

Mtu binafsi kwa kawaida huuza kwa bei ndogo, na pengine anaweza kueleza gari limetunzwaje. Yadi ina leseni, ina anwani, na sheria inaibana kidogo zaidi. Sheria ya taifa inaitaka ibandike kwenye dirisha la kila gari karatasi iitwayo Buyers Guide, inayosema kama kuna dhamana. Kisanduku cha "As Is" kikiwa kimetiwa alama, gari linauzwa lilivyo: likifia mtaa wa pili, ni la mnunuzi. Kentucky na Ohio zinaruhusu hilo.

New York ni tofauti. Yadi ikiuza gari la dola 1,500 au zaidi lenye maili yasiyozidi 100,000, lazima itoe dhamana ya maandishi:

- maili hadi 36,000: siku 90 au maili 4,000;
- kutoka hapo hadi chini ya 80,000: siku 60 au maili 3,000;
- 80,000 hadi 100,000: siku 30 au maili 1,000.

Kipimo kinachotangulia kufika ndicho kinachofunga dhamana. Tatizo ni kwamba gari la dola 5,000 mara nyingi limeshapita maili 100,000, na hapo dhamana hii haipo. Hata hivyo yadi ya New York bado inatakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba gari lilikuwa katika hali ya kutumika salama lilipouzwa. Mtu binafsi habanwi na dhamana hiyo.

Uvumi mmoja lazima uzikwe. Wengi huamini kwamba mteja ana siku 3 za kurudisha gari akijuta. Hakuna sheria ya taifa inayompa haki hiyo aliyenunua kwenye yadi. Akishasaini, amenunua, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umeandika vingine. Ahadi ya mdomo ya muuzaji, "tutatengeneza ekzosi wiki ijayo", iandikwe kwenye mkataba, au ihesabiwe haikutolewa.

Deni: swali la "kwa mwezi"

Muuzaji mzoefu haulizi mteja ana pesa ngapi. Anauliza: "Unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" Mgeni hujibu kwa haki, "Dola 200." Kuanzia hapo mazungumzo ya bei yamekwisha.

Chukua gari la dola 8,000. Kwa riba ya asilimia 9 kwa miezi 48, malipo ni kama dola 199 kwa mwezi, na jumla yake ni takriban dola 9,560. Kwa riba ya asilimia 22 kwa miezi 72, malipo ni kama dola 201 kwa mwezi, na jumla ni takriban dola 14,470. Kwa mwezi, tofauti ni dola 2. Mwisho wa yote, tofauti inakaribia dola 4,900, na gari la pili linaweza kufa kabla deni halijaisha.

Riba ya zaidi ya asilimia 20 si ajabu kwa mtu ambaye hana alama ya mkopo, yaani rekodi ya namna anavyolipa madeni yake. Zipo yadi zinazokopesha zenyewe, zikikusanya malipo kila wiki au kila mshahara. Hazimuulizi mtu historia yake, na baadhi hufunga kifaa cha kufuatilia gari au cha kulizima asipolipa. Gari likichukuliwa na kuuzwa kwa bei ndogo, mnunuzi bado anaweza kudaiwa kinachobaki. Hila nyingine ni kumwacha mteja aondoke na gari, kisha baada ya siku kadhaa kumpigia kwamba mkopo haukukubaliwa, arudi asaini wenye riba kubwa zaidi. Dawa yake ni kutoliondoa gari mpaka mkopeshaji awe ameukubali mkopo kwa maandishi.

Mahali pazuri pa kuanzia ni chama cha akiba na mikopo, ndugu wa SACCOS ya nyumbani. Vile vyenye leseni ya taifa haviruhusiwi kuzidisha riba ya asilimia 18. Mtu akienda kwenye yadi akiwa na barua ya mkopo tayari, anazungumzia bei ya gari, si malipo ya mwezi. Wengine hununua taslimu kwa zamu yao ya upatu, au likelemba kama wasemavyo Wakongo. Waislamu wasiotaka riba hufanya hivyo kwa imani, na hesabu inawaunga mkono.

Jambo jingine ni jina. Si ajabu gari kuandikwa jina la jamaa mwenye leseni au mwenye alama nzuri ya mkopo, huku mwingine akilipa. Mbele ya sheria gari ni la mwenye jina. Wakigombana, aliyelipa hana kitu mkononi. Gari likisababisha ajali, mwenye jina anaweza kuburuzwa mahakamani, na bima isiyomtaja dereva halisi inaweza kukataa kulipa. Anayesaini kama mdhamini wa mkopo naye ajue kwamba mkopeshaji ana haki ya kumdai yeye deni lote.

Kwa ufupi: kabla ya kusaini mkopo, mnunuzi ataje kwa sauti namba nne: bei ya gari, riba kwa mwaka, idadi ya miezi, na jumla ya yote atakayolipa. Kama muuzaji hataki kuziandika zote kwenye karatasi moja, kuna yadi nyingine barabara hiyo hiyo.

Mambo yakishaharibika

Aliyedanganywa kuhusu maili, ajali au taito ana pa kwenda. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, iwe Kentucky, Ohio au New York, hupokea malalamiko ya wateja bila malipo. Kwa wenye kipato kidogo kuna mashirika ya msaada wa kisheria: Legal Aid Society kule Louisville, Legal Aid of Southeast and Central Ohio kule Columbus, na Neighborhood Legal Services kule Buffalo. Anayepiga simu aombe mkalimani wa Kiswahili mwanzoni kabisa, na ataje kama Kiswahili chake ni cha Kongo au cha pwani, ili wasikilizane vizuri.

Ofisi hizo zitauliza karatasi. Kwa hiyo tangazo la gari lipigwe picha kabla halijafutwa, jumbe za simu zihifadhiwe, na Buyers Guide, mkataba, risiti na ripoti ya fundi viwekwe katika bahasha moja nyumbani, si ndani ya gari. Gari likichukuliwa na mkopeshaji usiku, huondoka na kila kilichomo.